Korosho Kwenye Kibanda cha Bibi

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na mambo ya mizimu nilikuwa nayabishia mpaka watu wananikimbia. Lakini hili lilinipata mwenyewe, mchana kweupe, kwenye kibaraza changu pale Chinongwe, nikiwa na akili zangu timamu. Kama hutaki kuniamini, shauri yako. Ila sikiliza mpaka mwisho, maana na wewe una ndugu.

Nianze na mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikaa karibu na misheni, upande wa Nachingwea, baba akiwa seremala pale. Siku moja, ndani ya furushi la nguo za msaada, tukakuta ubao wa mchezo wa karatasi ngumu. Ulichorwa msitu, daraja, joka, kibanda cha bibi kizee, na mwisho kabisa jumba la mfalme. Maandishi yake hata baba hakuyaelewa. Kete hazikuwemo, basi mimi na kaka yangu tukatumia korosho, baba akatuchongea dadu, na sheria tukazitunga wenyewe jikoni. Ukifika darajani unakohoa mara mbili, ili joka lijue wewe ni mwenyeji. Ukiangukia kibanda cha bibi umefungwa, hutoki mpaka mwenzako akuite jina lako. Ulikuwa mchezo wa kijinga kabisa, na sijapata kucheza mwingine mtamu kama ule.

Sheria hizo tulizijua sisi wawili tu. Hilo lishike.

Kaka alipopelekwa jandoni tulikuwa katikati ya mchezo, korosho yake imekwama kwa bibi. Aliporudi alikuwa Deo, jina la ubatizo. Lile la utoto, ambalo mama alikuwa akimwitia chakula, likaachwa huko porini. Kwetu mwanaume aliyetoka jandoni ukimwita jina lake la utoto umemtukana, na watu wamelipishwa kuku kwa kosa hilo. Nikamtandikia ubao wetu. Akaniambia yeye si mtoto tena, akaenda kucheza drafti na wanaume wenzake.

Nililia, haki ya Mungu. Kumwita siruhusiwi, na bila kumwita hatoki. Kwa hasira nikachukua utomvu wa mkorosho nikaigandisha ile korosho yake pale pale kibandani, nikasema kaa humo humo.

Ikapita zaidi ya miaka kumi. Wazazi walishatangulia, mimi nafundisha Chinongwe, wilaya ya Ruangwa, Deo ana kibanda chake cha biashara Nachingwea na sifa ya drafti stendi nzima. Kila akija kwangu ananitania kwamba mchezo wa dadu hauna akili, hata kuku akiirusha dadu kwa mguu anashinda. Nami namjibu kwamba ndiyo raha yake, mwenye akili na asiye nayo wanacheka pamoja. Wao kwenye drafti mtu anafikiri nusu saa kusogeza kizibo cha soda, na akishindwa anaondoka amenuna. Tulibishana hivyo mpaka ugali unapoa.

Sasa Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, Deo alituma salamu kwamba anakuja kwa baiskeli, ananiletea makopa ya muhogo. Mvua ilianza asubuhi na haikukata. Njiani kuna korongo, mwendo wa saa mbili kutoka kwangu, na likijaa halina mswalie Mtume. Saa sita hajafika. Saa tisa hajafika. Simu hatukuwa nazo. Nikautoa ule ubao, korosho ya Deo ingali imeganda kibandani, ili nitulize moyo, nikawa nacheza peke yangu, mkono wa kulia na wa kushoto.

Ndipo nikasikia hodi. Mama mmoja wa makamo, kikapu mkononi, akaomba ajikinge mvua ipite. Nikamkaribisha kigodani. Akauangalia ubao akasema tucheze. Nikafurahi, nakwambia ukweli. Tangu lini mtu mzima akaniomba tucheze mchezo ule? Akatoa mbegu nyeusi kwenye kikapu akaifanya kete, akarusha dadu, akasogea. Nikarusha, nikasogea.

Akafika darajani. Akakohoa mara mbili.

Nikajiambia ni mafua tu, mvua hii nani hakohoi? Nikamwangalia usoni, naye ananitazama kwa upole, kama mtu anayesubiri zamu yake. Akarusha tena, akaangukia kibandani. Lakini hakukaa kama mfungwa. Aliiweka mbegu yake taratibu kando ya ile korosho, akaigusa kwa kidole.

"Huyu wangu amekaa sana," akasema. "Leo nimekuja kumchukua. Kama unamtaka, mwite."

Niamini, sikuuliza anamsema nani. Nilijua. Nikafungua mdomo nikasema Deo. Akatikisa kichwa, akaanza kuibandua korosho kwa ukucha. Utomvu ukalia. Nikasema Deo tena, nikasema kaka. Akaendelea kubandua.

Na lile jina, ndugu yangu, sikulikumbuka. Unaelewa? Miaka yote hiyo sijalitamka, limefutika. Nilijaribu herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, jasho linanitoka na mvua inanyesha. Korosho ilishanyanyuka upande mmoja. Nikafumba macho, nikajaribu kusikia namna mama alivyokuwa anasimama mlangoni chakula kikiiva, na hapo likanijia. Nikaliita kwa ukelele mara tatu, kwa nguvu zangu zote, majirani wakachungulia.

Nilipofumbua macho korosho ilikuwa imedondoka sakafuni. Yule mama alikuwa anamalizia ngazi kushuka uani, midomo yake inajongea kama mtu anayekariri kitu asije akakisahau.

Deo alifika saa moja jioni, kwa miguu, matope mpaka nywelani. Korongo lilimbeba na baiskeli yake. Alining'inia kwenye mzizi mpaka mikono ikafa ganzi, akawa anajiandaa kuachia. Ndipo akanisikia namwita ng'ambo, jina lile.

"Nimepanda kwa hasira," akaniambia. "Nilitaka nikufikie nikuzabe kibao."

Tulicheka, mimi huku nalia. Nikadhani yamekwisha.

Mvua iliyofuata Deo alinitumia mtu kuniuliza kwa nini nimefika Nachingwea, nikamwita nje ya dirisha, kisha nikaondoka bila kuingia. Sikuwa nimetoka Chinongwe. Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa chini. Yule mama alikuwa na korosho miaka yote, lakini jina hakuwa nalo. Alikuja kulitafuta, nami nikampigia ukelele masikioni mara tatu, nikampa na sauti yangu.

Masika ya mwaka wa pili Deo aliifuata sauti hiyo mpaka ukingoni mwa korongo, majirani wakamrudisha kwa kumbeba. Tangu hapo mawingu yakitanda anajifungia na kufungulia redio mpaka mwisho.

Utaniuliza, ningenyamaza angepona? Sijui, na swali hilo ninalala nalo. Ninachokwambia ni hiki: mchezo mlioanza na ndugu yako umalizeni wakati bado anataka kucheza, na mgeni akikuhimiza umtajie jina la mtu wako, uwe na hofu. Mimi nililitaja. Kaka yangu yu hai mpaka leo, na mvua ikinikuta mlangoni kwake nabisha hodi mpaka koo linakauka. Yumo ndani, ananisikia, na hafungui.