Meza Niliyoiweka Uani

Kutoka mlango wa nyuma wa nyumba yetu hadi choo kuna mita kumi na mbili. Nilizipima kwa futi ya chuma mwaka ule mama mkwe wangu alipokuja kuishi nasi hapa Murara, mjini Goma, akitoka kwake Kiwanja, baada ya kumzika mume wake. Mtu wa Goma anajua mita kumi na mbili za aina hiyo zikoje: jiwe la volkano limeganda lilivyotaka, hapa limevimba, pale limetoboka, na juu yake tunamwaga changarawe tukijidanganya kwamba tumesawazisha.

Siku moja ya mvua aliteleza, akashika ukingo wa mlango, hakuumia. Mke wangu aliogopa. Mimi sikuogopa, nilifurahi kupata tatizo la kutatua. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sikumaliza shule. Kutengeneza redio na simu nilijifundisha kwa vitabu vya Kifaransa vilivyochakaa, kamusi ikiwa pembeni, na tangu hapo niliamini kwamba hakuna jambo lisiloeleweka likisomwa polepole. Kwenye kituo cha afya niliomba kijitabu kuhusu wazee wanaoanguka nyumbani. Nilikisoma mara tatu.

Kisha nikaanza kazi. Nilivunja kwa nyundo mawe yaliyochomoza. Nilisimika nguzo za mkalitusi na kupigilia ubao mrefu wa kushikilia, kimo chake kikiwa kwenye kiwiko cha mke wangu, kwa kuwa yeye na mama yake wanalingana, na mwenyewe nisingeweza kumpima. Nilimnunulia viatu vya plastiki vyenye mkanda wa kisigino. Jirani yetu, mama mmoja muuza makaa, alichungulia juu ya uzio akacheka, akimwita mama mkwe Koko, yaani bibi.

"Papa, unajenga kiwanja ya ndege? Koko ataruka?"

"Nataka asianguke."

"Basi ukimaliza hapo, kuja na kwangu. Mimi pia niko nazeeka."

Ushauri wa mwisho wa kijitabu ulisema mzee dhaifu asiachwe peke yake, mtu awe karibu. Mke wangu hushinda sokoni akiuza maharagwe. Watoto huwa shuleni. Mtu wa karibu nilikuwa mimi. Basi nikaihamisha meza yangu ya kazi kutoka barazani, ambako wateja waliniona, nikaiweka uani, ikitazama njia.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwa watu wa mke wangu, mama mkwe na mkwe wa kiume ni watu wa kuoneana haya. Hatuli pamoja. Salamu yetu ni ya mbali, yeye akitazama pembeni, mimi nikitazama chini. Chumbani mwake sijawahi kuingia. Sheria hizo nilizishika miaka mingi bila kosa, lakini nilizijua kama mtu anavyojua orodha: chakula, salamu, chumba. Choo hakikuwamo katika orodha yangu, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kulazimika kunitajia.

Nilifungua daftari. Kila alipopita niliandika saa, na kama alishika ubao. Siku za kwanza alipita mara nne au tano. Baada ya wiki mbili, mara moja, mara chache mbili. Niliandika: "Ametulia." Wakati huohuo alianza kukataa chai.

"Mama, kunywa hata kidogo," mke wangu alimwambia asubuhi moja.

"Inanichomaka tumbo, mwanangu. Acha tu."

Alipoinuka kwenye kiti alijishika ukutani kwanza, macho ameyafumba. Katika kijitabu kulikuwa na mstari unaosema mzee asiyekunywa vya kutosha hupata kizunguzungu. Nilikuwa nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Sikumwona yeye ndani yake. Niliona tu kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa daima chini ya kikwembe alichojifunga, nikaandika: "Hashiki ubao. Akumbushwe." Nikamtuma mke wangu akamkumbushe.

Alianguka baada ya saa sita mchana, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Nilikuwa nimeingia ndani kula. Sijafika tonge la tatu nikasikia kidumu kikigonga jiwe, kisha kishindo kizito zaidi. Nilipotoka alikuwa amelala ubavu chini ya ubao wangu, kikwembe kimefunguka, maji ya kidumu yakimwagika kuelekea miguuni pake.

"Usikuje!" alisema. "Mukwe wangu, usikuje! Ita mama jirani!"

Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Kijitabu kilieleza jinsi ya kumwinua mtu aliyeanguka, na nilikuwa nimejifunza kwa kumwinua mke wangu. Niligeuza uso, nikakimbilia barabarani. Jirani alikuwa akimpimia mteja makaa. Sijui ilichukua dakika ngapi, mimi niliyekuwa naandika kila dakika. Yeye alibaki pale juu ya mawe yenye maji. Jirani alimfunika, akampakata kama mtoto.

"Koko, umetuogopesha! Unakimbia mbio na nani?"

Mama mkwe alicheka, hata pale chini. Kisha nikamsikia, nikiwa nyuma ya kona ya nyumba, akiuliza, "Mukwe amekwenda? Mwambie akamalize kula."

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na nyonga ilivimba. Kwenye kituo cha afya walimfunga mkono, wakasema atatembea tena ikiwa hataanguka tena.

Jioni mke wangu alirudi kutoka sokoni. Nilimngoja na daftari. Nilimsomea: saa sita na dakika ishirini, ameharakisha, kijitabu kinakataza haraka, hakushika ubao.

"Papa, funga hiyo daftari."

"Nataka tujue sababu."

"Sababu ni wewe." Alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa kuta zetu ni za mbao. "Tangu uweke meza pale, Mama anabanaka mukojo mpaka uingie kula. Ndiyo saa yake ya kukimbia. Chai aliacha juu yako. Na ile mukono unaandikaka, ilikuwa inaficha maji ya choo. Ulitaka apite mbele ya mukwe na kidumu, kama mutu anatangaza?"

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Amejichokesha juu yangu. Usimuharibie kazi.'"

Nilikuwa nimeandika haja za mama wa mke wangu kwa saa na dakika, kwa mwandiko mzuri. Daftari nililitia motoni, na hata hilo nilifanya watoto wakiwa hawapo. Asubuhi iliyofuata niliirudisha meza barazani.

Baada ya wiki moja alikuja kaka wa mke wangu kutoka Kiwanja. Alikaa sebuleni, mama yake alikuwa amelala nyuma ya pazia.

"Hii muji ya majiwe haifae mutu muzee," alisema. "Nitamurudisha. Kule ni udongo."

Kule angekuwa peke yake nyumbani tangu asubuhi, na mama mwenyewe alikwisha kumwambia binti yake kwamba anataka kubaki. Shemeji akanigeukia.

"Ni jiwe gani lilimuangusha?"

Nikisema jiwe, nampa sababu ya kumchukua. Nikisema ukweli wote, namvua mama nguo mbele ya mwanawe, yeye akisikia.

"Si jiwe, shemeji. Ni mimi. Niliweka meza yangu mahali pabaya."

"Alijigonga kwa meza?"

"Hapana."

"Sasa meza ilifanya nini?"

Aliningoja, kisha akapiga paja akicheka. "Mukwe wa vitabu! Na huyu ndiye mnasemaka ana akili!"

"Muache," sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Amejibu vizuri. Mimi sitoke hapa."

Shemeji aliondoka kesho yake. Bado hajaelewa, na kila akipiga simu huniuliza kama meza imetulia.

Mama mkwe sasa anatembea. Jirani humsindikiza, au mke wangu kabla ya kwenda sokoni. Anapita mara ngapi, sijui. Ninapohitaji kitu uani, husimama kwenye kona ya nyumba, nikagonga mbao, nikangoja sauti ya mwanamke iseme, "Pita." Siku nyingine jibu linachelewa. Wateja huniita kutoka barabarani, na siwaitikii, ili kule nyuma wasidhani nina haraka.