Mkwe Mbele ya Rejeta

Siku nilipomwona Pudentienne mara ya kwanza, mwaka 1991, alikuwa amechuchumaa kando ya pipa la oili chafu katika gereji yetu ya Gikondo, akimuuliza fundi Silvère hadithi za bibi yake. Nilidhani amekosea njia ya kanisani. Kumbe ndiye mwalimu tuliyeletewa na parokia, atufundishe ufundi wa magari kila Jumamosi sisi tulioishia shule ya msingi.

Kitabu alichopewa kilitushinda. Akakifunga, akawaita watu wa hadithi zetu. Anayejaza oili kupita alama akawa Mlafi. Mlio unaosikika gurudumuni wakati ubovu uko kwingine akauita Mchongezi. Rejeta iliyochemka ilimtaka Mkwe, kijana anayekwenda kwa wakwe mara ya kwanza.

"Mwalimu, mimi kwa wakwe niliingia tu," Silvère alisema.

"Ndiyo maana mkono wako una kovu la mvuke."

Parokia haikupendezwa. Walisema hayo ni mambo ya watoto. Mmoja wetu angehojiwa, na akishindwa, darasa lingefungwa. Bwana Munyakazi wa kamati ya parokia alifika na pikapu iliyochemka mlimani, akanichagua mimi, ambaye hata kusalimia watu watatu hunitoa jasho.

"Injini imechemka hivi. Utafanya nini?"

Munyakazi akaanza kufunga daftari lake. Pudentienne alitazama chini tu. Basi nikaacha kutafuta maneno, nikaiendea pikapu. Nikazima injini. Nikangoja, kama mtu anavyongoja uani kwa watu. Nikasimama kando, si mbele ya mlango. Nikashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa kinene, nikakilegeza kidogo, nikaacha mvuke useme hadi unyamaze. Ndipo nikafungua.

"Mkwe haingii kabla hajakaribishwa," nikasema, na kila mtu alinisikia.

Munyakazi alimtazama dereva wake. "Huyu wangu huingia bila hodi," akasema, akaweka sahihi.

Darasa likabaki. Tangu hapo sikumwona fundi yeyote wa Pudentienne akiungua, na najivunia kuwa mmoja wao.

Mwishoni mwa 1993 alipelekwa Kibuye kuanzisha darasa jingine. Nilimbebea sanduku hadi kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Akiwa tayari amekaa kitini, aliinama dirishani.

"Jumamosi utafundisha watu kumi na wanne, Kubwimana. Ukiona aibu, anza na mikono. Maneno yatafuata."