Kweli Kabisa

Kinyozi huyu hakuwahi kubishana na mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Haukuwa woga wala unafiki, ingawa baadaye alibandikwa yote mawili. Ilikuwa kazi. Fundi aliyemfunza alimwambia mapema kwamba mteja anayebishana hutikisa kichwa, na wembe haujui kusubiri. Basi mteja akisema mvua itanyesha, yeye alijibu, "Kweli kabisa, bosi." Aliyefuata akisema hata tone halitadondoka, jibu lilikuwa lilelile. Wateja walilijua hilo na walimtania nalo. Jina alilopewa na wazazi lilisahaulika. Mtaa mzima ulimwita Kweli Kabisa, naye aliitika.

Upande wa pili wa ukuta alishona kaka yake, fundi cherehani. Kati ya vyumba vyao kulikuwa na mlango usio na kufuli, na pasi ya kaka ikipata moto, kinyozi aliisikia harufu yake. Kaka alikuwa mtu wa chama tawala, kindakindaki. Kila Jumamosi aliketi kwenye kiti, akafumba macho na kuihutubia dari: serikali imejenga, serikali imeleta, wapinzani ni wapiga kelele. Kinyozi alikuwa akikizunguka polepole kile kinundu kilicho nyuma ya sikio la kaka, alama ya kuanguka utotoni, huku akisema, "Kweli kabisa, kaka."

Mwezi ule binti wa kaka alikuwa anaolewa. Kinyozi hakujaliwa mtoto, na msichana yule alikulia miguuni pake, akicheza na brashi za sabuni. Alikuwa ameshasema hataki kushikwa mkono na baba yake peke yake. Upande mmoja baba, upande mwingine baba mdogo. Kaka akamshonea mdogo wake suti ya kijivu, ya kwanza maishani mwake, na ikatundikwa nyuma ya mlango wa kinyozi. Mchana biashara ikipungua, aliigusa mkono.

Ndipo akaingia mtangazaji. Alikuwa kijana nadhifu wa kituo cha televisheni ambacho mtaa mzima ulijua kinawapigia debe wapinzani. Alikuja na mpiga picha, akasema wanatengeneza kipindi cha biashara ndogondogo, na yeye angependa kunyolewa ndevu papo hapo ili picha zinoge. Kinyozi akafurahi. Akampaka povu, akanoa wembe.

"Maisha yamekuwa magumu, eti mzee?" mtangazaji akauliza, shingo ikiwa juu.

"Kweli kabisa, bosi."

"Hii serikali imeshindwa."

"Kweli kabisa. Usitikisike kidogo hapo."

"Wananchi wameamua kuitoa."

"Kweli kabisa."

Jioni akajiona kwenye televisheni. Povu halikuonekana, wembe haukuonekana, na lile ombi la kutotikisika lilikuwa limefyekwa. Ulibaki uso wake tu, mkubwa kama ukuta, ukisema kweli kabisa mara tatu, na chini yake maandishi mekundu: MTU WA KAWAIDA AVUNJA UKIMYA. Ukimya upi? Mtu hajanyamaza tangu afungue duka!

Asubuhi alifunga duka, akaenda kwenye kituo kile cha televisheni. Alisubirishwa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akaletewa mhariri, mama mwenye kitambulisho shingoni na simu mbili mkononi.

"Sura ni yako, sauti ni yako," mama akasema. "Sasa tumekukosea nini?"

"Onyesheni yote, mama. Onyesheni nilikuwa namnyoa mtu."

"Yote ni ndefu, mzee wangu. Watazamaji hawana subira."

Akatolewa nje kwa heshima zote, kalamu yenye nembo ya kituo mkononi, kama vile alikuja kuomba kalamu. Alitembea hadi nyumbani kwa hasira.

Hakujua kwamba alipokuwa kwenye benchi, kituo cha upande wa pili, kile cha chama tawala, nacho kilituma watu dukani. Walikuta mlango umefungwa. Mtu mwenye nia njema angeuliza kwa jirani. Wao walipiga picha kufuli. Jioni kufuli lile likajaa kwenye kioo cha televisheni, na msomaji wa habari, tai imemkaa sawasawa, akatangaza kwamba yule kinyozi ni kibaraka aliyepandikizwa, na sasa ameingia mitini. Ameingia mitini! Mtu alikuwa amekwenda kudai haki yake, akarudi akiwa mkimbizi katika chumba chake mwenyewe.

Wateja wa chama tawala wakahama, na wa upinzani wakaja kumpongeza, jambo lililomuuma zaidi. Lakini hayo yote angeyameza. Kilichomkaba ni kaka. Kaka, waliyelala naye kitanda kimoja wakigombania shuka, alikiangalia kituo chake na akakiamini. Alipita mlango wa kati bila kubisha hodi, akaitoa suti kwenye msumari.

"Siku ya binti yangu sitaki vibaraka," akasema.

"Kaka, nisikilize."

"Nimeshasikia. Nchi nzima imesikia."

Siku zilizofuata, harufu ya pasi ilikuja peke yake, bila salamu.

Siku ya harusi, asubuhi, kinyozi alikuwa anafagia duka tupu mlango wa kati ulipofunguka. Kaka alikuwa na kitambaa cha damu nyuma ya sikio. Alikwenda kunyolewa kwa kinyozi mwingine, na huyo mwingine hakujua habari za kinundu. Nusu ya kichwa ilikuwa imenyolewa, nusu bado. Akaketi kwenye kiti. Kinyozi akamfunga shuka shingoni, akaosha jeraha, akawasha mashine.

Kaka akafumba macho. "Walikupandikiza," akasema.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la siku zote. Kinyozi akazima mashine.

"Hapana, kaka."

Neno hilo halikuwahi kusemwa kwa mtu aliyekaa pale. Kaka akafumbua macho.

"Basi yule mtangazaji ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ninalokuambia wewe kila Jumamosi."

Kaka akamtazama kwenye kioo. Kinyozi aliona mdomo wake ukifunguka na kufungika, hotuba zote za Jumamosi zikimrudia moja baada ya nyingine.

"Yaani miaka yote hii..."

"Nilikuwa nakunyoa, kaka."

Kaka alikuwa mwekundu wa macho, na si kwa ajili ya jeraha. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Wamekuomba radhi, wale?"

"Nani aje kumwomba radhi kinyozi?"

"Wangu nao hawakuja?"

"Wako waliliona kufuli tu. Wewe ulikuwa na mlango, kaka, na hukuuliza."

Kaka aliinamisha kichwa, na kinyozi ikabidi amwinue kidevu ili aendelee. Alikizunguka kinundu taratibu, akamalizia nusu iliyobaki, akapangusa shingo.

"Suti yako iko juu ya cherehani," kaka akasema. "Nenda kavae. Mtoto anatusubiri sote wawili."