Sumaku za Spika Mbovu

Mwalimu wangu wa fizikia alisoma pendekezo la utafiti wangu, akalifunika kwa kiganja.

"Binti, hii kitu ni ya Wazungu. Andika juu ya sola."

Kiswahili chake alikipata kambini Makindye, alikokulia akiwa mtoto wa askari. Mimi Mkenya alinisemesha hicho alipotaka nimsikie vizuri.

Nilikuwa nimeandika kuhusu bomba linalozalisha mawimbi ya kuendesha mashine za mionzi ya kutibu saratani. Ndani yake elektroni hupita kwa kasi, na zisipobanwa hutawanyika na kugonga kuta. Mara nyingi hubanwa na koili nzito inayokula umeme na kutaka maji ya kuipoza. Nilitaka sumaku za kudumu zifanye kazi hiyo.

"Mama yangu alitibiwa kwa mashine hiyo hapa hapa Kampala," nikamwambia. "Sola siandiki."

"Basi nionyeshe. Si kwa karatasi."

Bomba lenyewe nisingelipata. Lakini maabara yetu ilikuwa na osiloskopu kuukuu ya kuonyeshea mawimbi ya umeme, ambayo nayo huchora nukta kwenye skrini kwa mwali wa elektroni. Nikashuka Nakivubo kwa fundi wa redio kutafuta sumaku za duara, zile za mfano wa pete.

"Nnyabo, hizi spika zimekufa," alisema kwa heshima ya Kiganda, nami nikamrudishia:

"Spika ndizo zimekufa, ssebo. Sumaku bado."

Nikaifungua osiloskopu, nikailegeza nukta yake ikawa doa pana la kijani, kisha nikaivisha sumaku shingo ya kioo iliyo nyuma ya skrini. Doa likakimbilia pembeni, likapotea. Mwanafunzi mwenzangu akacheka. Sumaku hazikulingana nguvu, basi nikawa nazigeuza na kuzibadilisha, wiki baada ya wiki.

Mwalimu alipokuja, nilisogeza pete ya mwisho taratibu. Doa likajikusanya, likawa ncha ya sindano. Akaiondoa pete mwenyewe, likatawanyika. Akairudisha.

"Kumbe," alisema. "Lakini kamati ya tasnifu watakusumbua."

"Wanisumbue."

Walinisumbua kweli. "Umeme ukikatika, mashine yote si inazima, hata ikiwa na sumaku zako?" mmoja aliuliza.

"Inazima. Lakini bila koili mzigo wa umeme hupungua, na jenereta ndogo zaidi itaiwasha."

Wakataka nilifute neno "Kampala" nililoliweka kwenye kichwa cha tasnifu, eti bomba la Kampala linachekesha. Nilisema hapana, na nikabaki nimesimama. Waliipitisha kwa shingo upande. Ipo maktaba, na Kampala yake. Anayetaka kucheka aende akacheke huko.