Niliyemruka kwenye Daftari

Kaka mmoja wa Kaliua aliniibia kipa wangu, nami nikamuua. Ngoja nieleze vizuri, msije mkaniitia polisi.

Nilikuwa nimemaliza la saba, nauza kwenye duka dogo la mjomba wangu pale Makanyagio: sabuni, chumvi, mafuta ya taa na bablishi. Ndani ya kila bablishi mlikuwa na kadi ya mchezaji wa mpira, maana ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia lile la Marekani. Watoto walitafuna bablishi, kadi wakaniachia mimi kwa kuongezewa pipi. Nilizipanga kwenye albamu ya picha iliyobaki tupu baada ya harusi ya shangazi, timu kwa timu, kipa juu, washambuliaji chini. Niliota kwamba siku moja timu zote zitatimia, watu wapande treni mpaka Mpanda kuja kuziona. Mnaocheka chekeni.

Mjini kwetu hakukuwa na mwingine mwenye kichaa kama changu. Wenzangu niliwapata kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu wa gazeti la michezo, lililokuwa likitufikia habari zake zimeshachacha. Tulikuwa watano: wa Mishamo, mimi, wa Kaliua, wa Urambo na wa Tabora. Hatukuwahi kuonana hata siku moja. Tulikuwa na daftari moja gumu lililozunguka kwa posta, kwa mpangilio huohuo. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake, upande mmoja "Ninazo", upande wa pili "Natafuta". Likikufikia unasoma ya wenzako, unarekebisha yako, unampelekea anayefuata.

Masharti yalikuwa mawili. Kadi yenye kasoro, useme kasoro yake. Na hakuna kumruka mtu. Aliwahi kurukwa mmoja tu, wa Sikonge, na huyo alifariki. Ukurasa wake tuliupiga mstari, na kila mmoja wetu akaiandikia familia yake barua ya pole.

Basi, kaka wa Kaliua akaniandikia: "Dada yangu, nitumie huyo kipa wako, nami nitakutumia washambuliaji wawili. Tanguliza wewe, mimi nimeishiwa stempu."

Nikatanguliza. Mimi mtu akiniita dada nalegea. Kipa yule ndiye aliyekuwa amekamilisha timu yangu ya kwanza, lakini washambuliaji wawili wangekamilisha nyingine mbili, na kipa mwingine ningemtafuta. Jibu likaja baada ya wiki tatu: "Dada, bahasha imefika tupu. Posta za siku hizi, acha tu." Nami, bila kujua, nikamwandikia pole! Nikamwambia asijisikie vibaya.

Kisha daftari likanifikia kutoka Mishamo. Nikafungua ukurasa wa kaka wa Kaliua. Kwenye "Ninazo" ameandika kwa mwandiko safi: "Kipa, mzima, ila kona ya chini kushoto imeungua kidogo."

Kona ile niliiunguza mimi, kwa kibatari. Kaniibia, halafu kasoro kaitaja kwa sababu masharti yanasema itajwe! Nilisimama nyuma ya kaunta, mteja anaomba chumvi nampa sabuni.

"Nitaandika hapa kwamba ni mwizi," nikamwambia mjomba.

"Usithubutu. Sanduku la posta ni la kwangu. Akishtaki, nakwenda mimi."

"Sasa nifanyeje?"

"Msamehe, mama. Kikaratasi cha bablishi hicho."

"Wewe wakikuibia baiskeli utasamehe?"

"Baiskeli inabeba magunia. Huyo kipa wako anabeba nini?"

"Anadaka, mjomba."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Mimi sikucheka. Nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikaupiga ukurasa wa Kaliua mstari, kona hadi kona, polepole, kwa raha zangu. Neno sikuandika. Daftari nikalituma moja kwa moja Urambo.

Je, nilijua watafikiria nini? Mwanzoni nilijidanganya kwamba wataniuliza tu. Wa Urambo akaniuliza kweli: "Dada, tumeumia sana. Amekufa kwa nini?"

Hapo ningeweza kusema. Nikaandika neno moja: "Ghafla." Nikalamba stempu, nikaibandika, nikaenda posta nikiimba.

Mwezi haukuisha. Siku ya treni, mchana, mama mmoja aliyejifunga kitenge cheusi akasimama mbele ya duka. Kichwa kimenyolewa. Nyuma yake kijana mrefu, macho chini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa daftari?"

"Ndimi, mama."

"Huyu ndiye marehemu," akasema, akimsukuma mbele. "Alikuwa kwenye mashamba ya tumbaku. Huku nyuma barua tatu zikaja, jirani akanisomea, zote zinasema habari zimetoka Mpanda. Pole mama, pole mama. Nimelia siku nne. Watu wamelala kwangu, wamepika, tumeomba. Siku ya tano anaingia uani anauliza, nani kafa?"

Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi. Nililia kuliko nilivyomlilia kipa. Mama huyu sikuwa nimewahi kumfikiria. Kwenye hasira yangu yule kaka hakuwa na mama.

"Inuka," akasema. "Wewe ulinikosea, na huyu alikukosea. Toa!"

Kijana akatoa kadi mfukoni. Mama akaitazama kwanza, mbele na nyuma. "Yaani mimi nimenyoa nywele kwa ajili ya huyu?"

Mjomba akamletea kiti na soda. Kijana akaninyooshea mkono. "Dada, yaishe. Naomba unirudishe kwenye daftari."

"Mama yako nimemwomba radhi," nikamwambia. "Wewe mkono wako rudisha mfukoni."

"Bado tu?"

"Bado."

Daftari lilipozunguka likanifikia, niliandika ukurasa mzima. Kwamba yu hai. Kwamba bahasha haikufika tupu. Kwamba neno "ghafla" ni langu, na kwamba nililiandika nikijua. Sehemu yangu iliniwia ngumu, nikaifuta mara mbili. Sehemu yake niliiandika bila kusita, kalamu nikiikandamiza hadi maandishi yakatokea ukurasa wa pili. Kisha nikaandika anwani ya Kaliua juu ya bahasha, maana zamu iliyofuata ilikuwa yake, na nilitaka awe wa kwanza kusoma.