Nta Nyeupe Iliyomponza Philomena

Saa kumi na mbili asubuhi, Juni 1986, kijijini Mogitu. Baridi ya Mlima Hanang inauma vidole, na Philomena Akonaay anakwangua fremu za mzinga kwa kisu cha jikoni huku akigomba peke yake. Kwenye kisu wamenata funza wa nondo, wanene, pamoja na utando wao.

"Angalia uchafu huu!" anasema, akiwatupia kuku. "Mwaka jana walikula nta yangu nikabaki na mbao. Halafu mtu anakuja kuniambia nyuki hawataki mkono wa mwanamke. Mkono wangu umekosa nini?"

Ana haki ya kufoka. Saa nne leo Mama Natalia, mwenyekiti wa kikundi cha ufugaji nyuki cha kigango cha kanisa, anakuja kukagua. Mzinga ni wa kikundi. Ukikaa mtupu misimu miwili, unapewa mtu mwingine. Msimu wa kwanza wa Philomena uliharibika, na shemeji yake, Bura, ameshajiandikisha kuusubiri.

Philomena ana miaka 34 na watoto wanne. Mumewe, Alfredi, anaendesha trekta kwenye shamba la ngano la serikali na hurudi mwisho wa mwezi. Zamani wanaume wa hapa walitundika mizinga ya magogo mitini. Miti mingi ikang'olewa kupisha ngano, mizinga ikashuka chini, ikawa masanduku yenye fremu kumi. Ndipo wanawake nao wakaomba.

Fremu hutiwa karatasi ya nta ili nyuki waanzie hapo kujenga sega. Mnadani Katesh alikuta za aina mbili: za njano zenye madoadoa, na nyeupe safi. Akabadilisha madebe mawili ya mahindi kwa zile nyeupe.

"Sisi tumezoea unga wa ngano," anasema. "Mweupe ndio daraja la kwanza, wa rangi rangi unapewa nguruwe. Nikajua na nta ni hivyo hivyo. Mjinga mimi!"

Ilikuwa nta ya mishumaa. Nyuki waliikataa, na jua la Oktoba lilipowaka karatasi zikalegea na kujikunja. Kundi likadhoofika, nondo wakaingia kwenye masega machache yaliyokuwepo. Bura, ambaye ni mtunza ghala shambani, akamletea kopo la unga wa kuulia fukusi wa ngano. Philomena akaunyunyiza mpaka ndani ya mzinga. Kesho yake alizoa nyuki waliokufa kwa ufagio.

"Mimi nilimpa dawa ya wadudu," Bura alipoulizwa alijibu, bila hata kuona haya. "Nyuki si mdudu? Angeuliza. Hii kazi si ya wanawake."

Mwandishi huyu alishindwa kuficha hasira. Mtu anampa mwenzake sumu, kisha anajiandikisha kurithi mzinga!

Mwezi Machi, mzinga ukiwa umeshaoshwa sumu yote, kundi jipya liliingia lenyewe. Safari hii Philomena alichagua nta ya njano. Anaifikicha kwanza, anainusa: ya kweli inanukia asali, ya mishumaa inateleza tu. Tena hatii karatasi nzima. Anakata kipande chenye upana wa vidole viwili, anakigandisha juu ya fremu, nyuki wanamalizia wenyewe. Fremu wasizoweza kuzifunika anaziondoa, maana sega lisilo na mlinzi ndilo nondo hutagia. Hizi mbili anazokwangua alizitoa jana.

Saa nne kamili Mama Natalia anafika. Bura yuko nyuma yake, ingawa hakuna aliyemwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fungua tuone."

Philomena anapuliza moshi, anafungua kifuniko. Anainua fremu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote nane zimejengwa, zimejaa nyuki, na sita zina asali iliyofunikwa. Mama Natalia anahesabu mara mbili, kisha anamgeukia Bura.

"Jina lako nalifuta. Nenda kazini."

Bura anaangalia chini, kwenye miguu minne ya kichanja cha mzinga. Kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya trekta, siafu wasipande. Kopo moja analitambua. Ni lile lile alilolileta.

"Nililiosha mara saba," Philomena anamwambia. "Sasa linafanya kazi."

Mpango wake ni kuligawa kundi hili baada ya mvua zijazo na kutengeneza mzinga wa pili, wa kwake mwenyewe. Mahali ameshapachagua: kando ya njia ambayo Bura hupita kwenda ghalani.

"Apite auone asubuhi, apite auone jioni," anasema, akifunga mzinga. "Na asali hapati hata ya kulamba."