Senge Ananiosha Uso kwa Maji ya Majivu

Admin, naomba jina langu lisionekane, na pia lile la shule, kwa sababu Bungoma ni ndogo na watu wa Kitale wanatujua. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Mimi si msichana wa maneno mengi. Darasani naweza kujua jibu na nisiinue mkono. Kwa hivyo mkiambiwa kwamba nilimbishia mtu mzima mbele ya wageni, jueni haikuwa rahisi.

Kwetu ni karibu na Kibabii, lakini likizo hii ya Desemba mimi na mdogo wangu wa darasa la tano tuko Kitale kwa Senge, yaani shangazi yetu, dada ya baba. Binti yake anaolewa Jumamosi ijayo. Mimi ni mmoja wa wasichana watakaomsindikiza bibi harusi na mdogo wangu ndiye wa kubeba maua.

Senge ana saluni na anatupenda sana, sitaki mumwone mbaya. Shida yake ni munyu. Kama hamjui, munyu ni maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unaweka majivu kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwaga maji, yanadondoka ya rangi ya chai. Kijiko kimoja kinalainisha mboga ngumu ya kienyeji mpaka inateleza. Sasa Senge aliamua kwamba kama munyu unalainisha mboga, utalainisha na uso wenye chunusi.

Likizo ya Agosti nilipomtembelea nilikubali kuoshwa. Uso ulikauka ukavutana hadi kucheka kukawa na uchungu, halafu ukaanza kubambuka. Chunusi ziliongezeka. Senge aliangalia akafurahi. "Umeona? Huo ni uchafu unatoka. Ulikuwa umejificha ndani."

Niliporudi shuleni tulikuwa tunasoma asidi na besi. Mwalimu alitueleza kwamba ngozi ya mtu kwa kawaida ina asidi kidogo sana, na hiyo asidi ni kama ukuta mwembamba. Inashika unyevu ndani na kuzuia viini vya nje. Ukipaka kitu chenye alkali kali, kama maji ya majivu, ukuta unavunjika, na ngozi inakauka na kuwasha. Nilikaa pale nikishika shavu langu. Baadaye nilienda kliniki, daktari akaniambia niache kila kitu, nitumie maji safi na sabuni laini kidogo, nipake mafuta mepesi yasiyo na manukato. Kabla ya muhula kuisha uso ulikuwa umetulia. Mwalimu alinipa vipande vichache vya karatasi ya litmasi, ile nyekundu inayogeuka buluu ikiguswa na alkali, nikaviweka ndani ya kamusi niliyokuja nayo Kitale.

Jumapili iliyopita wamama wa kamati ya harusi walikuwa wamejaa sebuleni. Senge akatupanga kwenye benchi, sisi wasichana wote, akaleta beseni. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza, na alikuwa akioshwa tangu tufike. Mashavu yake yalikuwa mekundu yenye magamba na alikuwa anayafinya macho kabla hata hajaguswa. Nilisimama. Nikachukua karatasi nyekundu, nikaichovya ndani ya beseni mbele yao wote. Ikageuka buluu hapo hapo.

"Senge, hii si ya uso," nikasema.

"Ati karatasi? Hiyo karatasi imeshawahi kuosha uso wa nani?"

Wamama wakacheka. Mmoja akasema, "Wacha bana, huyu anatupea somo bure."

"Kukhu yako amepika na munyu maisha yake yote," Senge akaendelea, akimtaja nyanya yetu. "Kuna tumbo liliungua?"

"Kukhu anaweka kijiko kwa sufuria nzima. Hapa umejaza beseni. Na tumbo lina asidi yake kali, uso hauna."

Senge akasema, "Basi si tukamulie ndimu ndani ziuane nguvu na munyu?"

Nikamwambia ndimu nayo ni kali kupita kiasi kwa ngozi iliyochubuka, na uso wa mtoto si chupa ya maabara. Nilimwaga yale maji nje, beseni zima. Senge alilia, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Baba alipiga simu jioni. Amesema ninamwaibisha dada yake. Ni lazima nimwombe msamaha mbele ya wamama wale wale na niseme maji yake ni mazuri. Nikikataa, narudishwa Bungoma peke yangu na mdogo wangu abaki Kitale. Mama naye alichukua simu akaninong'oneza, "Sema tu mama, yaishe. Maneno hayavunji mfupa."

Lakini nikisema, Ijumaa tutaoshwa wote kwenye benchi, na ushahidi wa kwamba ni salama utakuwa mdomo wangu mimi. Nikikataa, mdogo wangu ataoshwa bila mtu wa kumsimamia. Jana aliniuliza uchafu wake utaisha lini. Nilimwambia hana uchafu wowote.

Nimeamua hivi. Kwa kumbishia mbele ya wageni nitaomba msamaha, hata kwa kupiga magoti, kwa sababu Senge ni mkubwa wangu. Kusema maji yale ni mazuri, sitasema. Gauni la kumsindikiza bibi harusi wampe mwingine, mimi nitavaa sare yangu ya shule.

Sasa nyinyi wamama na mashangazi mnaosoma hapa, nishaurini. Mtoto wa miaka kumi na moja anatolewaje kwenye lile benchi kabla ya Ijumaa? Nipeni njia yoyote, mradi isianze na mimi kudanganya.